Maswali Yenu: Tairi Hukaguliwa Ndani

Tulipoomba maswali ya magari ya kazi, wengi wenu mliandika kuhusu matairi, na wengi zaidi kuhusu matairi ya pikapu. Tumeyajibu haya saba kwa urefu ambao kila moja limeustahili. Usipoiona barua yako, soma jibu lililo karibu na shida yako, maana nyingi zilifanana.

Msumari na kilomita mbili

*Pikapu yangu ni Hilux ya kebini moja, matairi 195R14C. Nabeba mawe ya kujengea kutoka Kilifi. Juzi nilidungwa na msumari tairi la nyuma, nikasonga nalo kama kilomita mbili likiwa limelala hadi nikampata fundi. Akalitia kamba ya gundi kwa nje, bila kulitoa kwenye rimu. Sasa lapoteza psi 10 kila siku mbili. Niongeze kamba ya pili? — Msomaji, Mtwapa*

Usiongeze, ndugu. Tairi hilo litolewe kwenye rimu kabla hujapakia tena hata jiwe moja. Tundu la msumari huenda likawa jambo dogo. Kubwa ni zile kilomita mbili.

Tairi lililoishiwa upepo hubebwa na ubavu wake. Kila linapozunguka, ubavu hukunjwa baina ya rimu na lami, ukanyooka, ukakunjwa tena. Tairi la kimo cha lako huzunguka karibu mara 500 kwa kilomita moja, kwa hivyo ubavu wako umekunjwa mara elfu moja hivi, na uzito wa gari uko juu yake. Kwa nje huenda usione kitu. Ndani ndimo mambo yalimo. Fundi akilitoa, atie taa ndani na kulizungusha polepole. Akiona unga mweusi umelala humo kama masizi ya sufuria, au mpira wa ubavu umechubuka mstari wa mviringo, au nyuzi zinachungulia, hapo hakuna panchari ya kuziba. Kisha aubinye ubavu kwa viganja viwili, ndani na nje, akizunguka nao wote. Ubavu mzima hurudi kwa nguvu. Uliovunjika nyuzi huwa laini kama kitambaa mahali pamoja. Ikionekana dalili yoyote kati ya hizo, tairi limekwisha, hata kama meno yake yangali mapya. Ukilipeleka kwenye kompresa na kulijaza hadi psi 60, nyuzi zilizobaki zaweza kukatika kwa mfuatano na tairi likapasukia usoni mwa anayelijaza.

Ikiwa ndani ni safi, tairi lafaa kutengenezwa, ila si kwa kamba peke yake. Kamba hujaza tundu, lakini haizibi ile ngozi ya ndani inayozuia hewa isipenye mwilini mwa tairi. Hewa hupita pembeni mwa kamba kidogo kidogo, ndiyo hizo psi 10 zako. Na maji nayo huingia kutoka nje. Chini ya meno kuna mikanda ya nyaya za chuma. Zikianza kushika kutu, mpira huachana na chuma, na siku moja utasikia meno yakibanduka na kupiga madigadi ya gari huku wewe uko mwendoni. Hapa pwani chuma hakingoji kualikwa na kutu. Kamba ni ya kukufikisha kwa fundi tu.

Kazi yenyewe huanza kwa chaki. Fundi atie alama penye tundu, kwenye tairi na kwenye rimu, ndipo alitoe. Tundu liwe kwenye uso wa meno, mbali na bega, na upana wake usizidi milimita 6. Msumari wa inchi nne umo ndani ya kipimo. Kipande cha nondo ya milimita 8 kimeshavuka. Atoboe njia ya tundu kwa kekee ya milimita 6, akianzia ndani halafu nje, ili nyaya zilizochanika zikatwe na zisibaki zikichoma kiraka. Ndani apake dawa ya kusafishia mpira na kuikwangua ingali mbichi, kisha akwaruze kwa mashine ya mwendo mdogo mpaka mpira uwe na sura ya mahameli. Mashine ya kasi kubwa huunguza mpira, ukang'aa, na kiraka hakishiki mpira uliong'aa. Vumbi litolewe kwa brashi safi au kwa mashine ya kunyonya. Lisipulizwe kwa kompresa, kwa sababu hewa ya kompresa hubeba mafuta na maji.

Solushoni hupakwa nyembamba na kuachwa ikauke hadi inate kidoleni bila kulowesha. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mombasa hewa ina unyevu, na dakika tatu alizozoea fundi huenda zisitoshe. Kiraka kinachofaa ni kile cha mfano wa uyoga: kofia hukaa ndani juu ya ngozi, mkia hupita tunduni hadi nje. Fundi huvuta mkia kwa koleo mpaka kofia ikae sawa, kisha hukandamiza kwa roli ndogo ya meno kutoka katikati kwenda ukingoni, asibakishe hata kijipovu kimoja cha hewa. Mkia hukatwa usawa wa meno, usivutwe wakati wa kukata. Mwisho tairi hutiwa upepo na kupakwa maji ya sabuni penye kiraka, kwenye valvu, na kwenye ukingo wa pande zote mbili.

Jambo moja la kuuliza kabla hujamwachia kazi: anasafishia nini? Akikwambia petroli, mwombe atumie dawa ya mpira. Petroli huacha utando wa mafuta. Kiraka kitashika leo, na wiki mbili zijazo kitaachia kikishapata joto.

Nundu ubavuni

*Niligonga ukingo wa barabara pale Kibarani usiku. Asubuhi nikaona tairi la mbele limetoa nundu ubavuni, ukubwa wa nusu ya limau. Halipotezi upepo. Fundi mmoja asema atatia kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, juu yake tyubu, nitaendelea. — Msomaji, Changamwe*

Usiendelee. Kutopoteza upepo kusikudanganye. Tairi lilipobanwa baina ya rimu na simiti, nyuzi za ubavu zilikatika, ngozi ya ndani ikabaki nzima. Penye nundu hakuna kitu kinachoshikilia hewa ila mpira mtupu. Mpira huo utatanuka kila unapopata joto na kila unapoingia shimoni, mpaka utoboke kwa ghafla. Tairi la mbele likipasuka, usukani huvuta upande huo, na barabara hiyo ina malori kushoto na kulia.

Kipande cha tairi kuukuu hakirudishi nyuzi zilizokatika. Hubana tu mahali pamoja, na pembeni mwake ubavu hukunjika zaidi kuliko kwanza. Ubavu hautengenezwi, wala mkato, wala nundu, wala tundu la msumari. Funga spea leo. Na kabla hujanunua jingine, rimu ikaguliwe kwa kuizungusha kwenye mashine ya balansi, maana kishindo kilichokata nyuzi huenda kimeipinda pia.

Samaki, barafu na kutu

*Nasomba samaki kutoka Shimoni kwa pikapu, kwa barafu, navuka feri ya Likoni karibu kila siku. Matairi ya nyuma, yote mawili, hupungua psi 5 au 6 kwa wiki. Hakuna msumari. Fundi aliyatumbukiza majini, mapovu yakatoka kwenye ukingo wa rimu. Ameniambia nitie tyubu yaishe. — Mama mchuuzi, Likoni*

Fundi wako ameona mahali sahihi, mama, lakini dawa aliyokupa si yake. Kinachovuja hapo ni rimu. Tairi lisilo na tyubu huzuia hewa kwa ukingo wake kukaa sawasawa juu ya chuma. Maji ya barafu yenye chumvi ya samaki yamekuwa yakishuka kutoka kwenye bodi na kuanguka juu ya magurudumu ya nyuma, chumvi imeingia chini ya rangi ya rimu, na kutu imeinua magamba madogo pale ukingo unapokaa. Hewa inapita katikati ya magamba hayo.

Ukitia tyubu, kutu itaendelea kula bila wewe kujua. Tena tyubu ndani ya tairi lisilotengenezewa tyubu husuguana na ngozi ya ndani, na msuguano ni joto. Tairi lisilo na tyubu likidungwa hushikilia msumari na kuvuja polepole, ukapata muda wa kusimama. Tyubu ikidungwa hutoa hewa yote kwa sekunde chache. Tyubu ina mahali pake: kwenye tairi lililoandikwa TUBE TYPE ubavuni, kama yale ya Land Cruiser za zamani za 7.50-16. Lako likiwa limeandikwa TUBELESS, liache lilivyo.

Kazi ya kufanya ni hii. Tairi litoke, rimu ioshwe kwa maji baridi na sabuni, ikauke. Kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye drili, fundi asugue njia zote mbili anapokaa ukingo, na kuzunguka tundu la valvu, mpaka chuma cheupe kionekane. Amalizie kwa msasa namba 80, kisha apitishe ukucha. Ukucha ukiteleza, rimu ni nzima. Ukikwama kwenye vishimo vidogo vya hapa na pale, rangi itaviziba. Vikiwa vishimo virefu vilivyoshikana kama sega la nyuki, nunua rimu nyingine, kwa sababu chuma hicho kimepungua unene na wewe unabeba mzigo. Rimu nzima ipakwe rangi ya kuzuia kutu, tabaka nyembamba, halafu rangi ya juu, nayo iachwe hadi kesho yake. Rangi mbichi hushikana na mpira, na ukija kulitoa tairi itabanduka nayo. Ukingo wa tairi nao ufutwe ubaki safi. Mara nyingi magamba ya kutu huwa yamegandia huko.

Valvu ibadilishwe hapo hapo. Ile ya mpira ya kawaida, namba TR413, mwisho wake ni psi 65. Kwa pikapu inayojazwa kufikia kipimo hicho tafuta TR600HP au valvu ya chuma yenye nati.

Wakati wa kurudisha, ukingo upakwe maji mazito ya sabuni. Usimruhusu mtu kupaka dizeli au oili, mafuta hulainisha mpira. Ukingo ukikataa kukaa, atoe sindano ya valvu ili hewa iingie kwa wingi, na afunge mkanda kuzunguka katikati ya meno ili pande zitanuke. Asipite psi 40 akitafuta ukingo ukae. Ukifika hapo haujakaa, hewa itolewe, apake sabuni tena, aanze upya. Wapo wanaonyunyiza petroli ndani na kuwasha kiberiti ili mlipuko usukume ukingo. Tumeona barua mbili zikiuliza kama ni salama. Si salama kwa fundi, wala kwa ngozi ya ndani ya tairi.

La mwisho ni chanzo chenyewe. Tundu la kutolea maji kwenye sanduku la barafu lifungiwe mpira mrefu unaoshuka nyuma kabisa ya gari, maji yaanguke barabarani. Na kila jioni mwagia magurudumu maji baridi, upande wa ndani pia, ambao hauonekani.

Tairi "linaloingia" rimu ile ile

*Matairi yangu ya 195R14C yamekwisha. Dukani nimepewa 195/70R14, bei ni nafuu sana, na kweli yanaingia kwenye rimu. Nabeba saruji na mabati. Kuna tofauti gani? — Msomaji, Kongowea*

Kuingia kwenye rimu ni jambo moja, kubeba ni jingine. Herufi C mwishoni mwa saizi yako ndiyo unayotaka kuiacha dukani, nayo huonyesha tairi la gari la mzigo.

Soma namba zinazofuata saizi. Kwenye 195R14C yenye nguvu ya tabaka nane, yaani 8PR, utakuta 106/104 na herufi. 106 ni kilo 950 kwa kila tairi likifungwa moja moja, na 104 ni kilo 900 yakifungwa mawili mawili upande mmoja. Kwenye 195/70R14 ya gari la abiria mara nyingi utakuta 91, yaani kilo 615. Piga hesabu: matairi mawili ya nyuma ya C yanabeba kilo 1,900, hayo mengine kilo 1,230. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani nzima, na sehemu kubwa ya tani hiyo huegemea nyuma. Ongeza uzito wa ekseli, springi na bodi, ambao upo hata gari likiwa tupu. Matairi ya 91 yatazidiwa kabla hujamaliza kupakia.

Uwezo huo wa kilo 950 nao hupatikana tairi likiwa na psi 65. Ukilitia psi 36 na kupakia vile vile, umenunua tairi la mzigo na kulifanya la abiria. Kimo pia ni tofauti: 195R14C lina kipenyo cha karibu sentimita 66 na nusu, 195/70R14 karibu 63. Spidomita itakuonyesha mwendo mkubwa kuliko unaokwenda, na tumbo la gari litakuwa karibu zaidi na barabara.

Kabla ya kulipa, tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Pengine zimeandikwa upande mmoja tu, kwa hivyo geuza tairi. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na watengenezaji wengi hushauri tairi likishafika miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 liondolewe, lina meno au halina. Hili ni muhimu zaidi kwa wanaonunua matairi yaliyokwisha tumika: meno yatakuwa marefu, tairi litakuwa jeusi tititi kwa rangi ya kung'arisha. Likunje kwa mikono chini ya jua uangalie baina ya meno na ubavuni. Ukiona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, liache. Angalia na ndani pia, kama tulivyoeleza kwa msomaji wa Mtwapa. Tairi la mtumba mara nyingi lina kiraka ambacho muuzaji hakukitaja.

Kama fedha zatosha matairi mawili tu, yanunue ya aina moja na yafungwe nyuma, na katika yale ya zamani, yenye nafuu yaje mbele. Watu wengi hufanya kinyume. Lakini pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na mvua ya masika ikinyesha, nyuma ndiko hutangulia kuteleza. Mbele ikiteleza unaweza kuachia mafuta na kuirudisha, nyuma ikizunguka huna la kufanya. Yasije mbele, hata hivyo, yaliyokwisha. Ndani ya mifereji ya meno kuna vijivimbe vidogo. Meno yakilingana navyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi hilo halina kazi tena.

Kuchonga meno

*Kuna vijana huchonga upya meno ya tairi kipara kwa kisu cha moto. Yanaonekana mapya. Nichongeshe ya pikapu? — Msomaji, Miritini*

Hapana. Anayechonga hana meno ya kuongeza, anapunguza mpira uliobaki juu ya nyaya. Tairi la kuchongwa hutengenezwa kiwandani likiwa na tabaka la ziada kwa kazi hiyo na huandikwa REGROOVABLE ubavuni. Hayo ni matairi ya malori na mabasi. Lako halina tabaka hilo. Kisu kikigusa nyaya, mvua ya kwanza itaingia.

Spea imenasa

*Nina pikapu ya D-Max, hupita njia ya Diani. Nilipata panchari, nikataka kushusha spea iliyo chini ya bodi, mnyororo ukakataa kabisa. Niliokolewa na mpita njia aliyekuwa na spea ya saizi yangu. Nifanye nini isitokee tena? Na kwenye mchanga jeki huzama. — Mwalimu, Ukunda*

Kile chombo cha kushushia spea kina gia ndogo na mnyororo, vyote wazi, nyuma ya magurudumu yanayorusha maji na mchanga. Usipokigusa miaka miwili hapa pwani, kitashikana. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye gia na mahali mnyororo unapoingia, ngoja nusu saa, kisha zungusha kwanza upande wa kukaza, kiasi kidogo sana, ndipo ugeuze upande wa kushusha. Mwendo huo wa kwenda na kurudi huvunja kutu bila kuvunja gia. Ikikataa kabisa, weka jeki chini ya spea iibebe, halafu fundi akate mnyororo. Usilale chini yake ukivuta, gurudumu zima la pikapu lina uzito wa kuvunja mbavu. Likishashuka, sugua gia na mnyororo, uvipake grisi, na gurudumu ulishushe na kulipandisha kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo hiyo litie upepo wa kipimo cha mzigo; kupunguza njiani ni rahisi, kuongeza huwezi.

Kuhusu mchanga, beba kipande cha ubao mgumu cha sentimita 30 kwa 30, unene wa inchi mbili, na mawe mawili au kabari. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono, gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki, na kabari kwenye gurudumu la upande wa pili, mbele na nyuma yake. Weka pembetatu zako mbali, hatua 50 au zaidi, mbali zaidi kama kuna kona. Legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini. Kwa nyuma jeki ikae chini ya ekseli karibu na springi, juu ya ubao.

Gurudumu likigandia kwenye habu kwa kutu, rudisha nati zote mzunguko mbili tatu bila kukaza, teremsha gari mpaka tairi liguse chini, utikise bodi. Litaachia, na nati zitalizuia lisianguke. Sugua uso wa habu kwa brashi ya waya kabla ya kufunga spea, maana kutu iliyobanwa hapo ikija kusagika huacha nati zimelegea.

Nati zikazwe kwa kurukia: moja, kisha ya upande wa pili yake, mpaka zote sita ziishe, kwanza kwa mkono, kisha nusu gari likiwa juu, na mwisho likiwa chini. Kipimo cha kukaza cha pikapu nyingi zenye bolti za milimita 12 ni kati ya Nm (nyutoni mita) 100 na 120. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa spana ya sentimita 30, hiyo ni nguvu ya kusukuma kilo 40 hivi. Mtu wa kilo 80 akipanda juu ya spana hiyo amekaza karibu mara mbili ya inayotakiwa, na hivyo ndivyo bolti zinavyokatika. Usipake oili kwenye nyuzi za bolti ili nati iteleze, itakazika kupita kiasi bila wewe kuhisi. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena.

Upepo na joto

*Kwa joto la Mombasa tupunguze upepo ili tairi lisipasuke? Na hewa ya naitrojeni ina faida? — Msomaji, Kisauni*

Kinyume chake. Kinachopasua tairi kwenye joto mara nyingi ni upepo mdogo. Ubavu hukunjika zaidi, na kukunjika ndiko kunakotengeneza joto. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi la pikapu huzunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika, na kila mzunguko ni mkunjo.

Soma kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva: kina kipimo cha gari tupu na cha gari lililojaa, mbele na nyuma. Pima asubuhi, kabla hujaendesha au ukiwa hujapita kilomita mbili tatu. Kila nyuzi 10 za joto huongeza psi 2 hivi, kwa hivyo ukitoka Voi mchana ukapima Mariakani utakuta kipimo kimepanda. Usipunguze. Watengenezaji wamelihesabu ongezeko hilo, na ukilitoa, kesho asubuhi tairi litakuwa na upepo pungufu.

Naitrojeni si mbaya, lakini hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Fedha hiyo nunua kipimo cha upepo cha kwako mwenyewe, kwa sababu vile vya kwenye kompresa huangushwa chini kila siku, na vifuniko vinne vya valvu, mchanga usiingie kwenye sindano.